Mizani Iliyochoka: kubadilisha vyombo vya maabara za chuo kikuu mjini Lubumbashi

Maabara ya kufundishia si sawa na maabara ya mgodi, wala si sawa na maabara ya utafiti. Mgodini hutafutwa namba: jiwe hili lina shaba kiasi gani. Kwenye utafiti hutafutwa jambo ambalo hakuna anayelijua bado. Katika maabara ya kufundishia jibu huwa tayari mfukoni mwa mwalimu, na kinachojengwa ni mkono na jicho la mwanafunzi. Ndiyo maana chombo cha kufundishia hushikwa na mikono mingi isiyozoea, huwashwa na kuzimwa mara nyingi kwa siku moja, na huchakaa upesi kuliko vingine. Hata hivyo ndicho kinachoachwa kazini kwa miaka mingi zaidi, kwa sababu hakileti fedha wala makala ya kisayansi ya kukitetea wakati wa kugawana bajeti.

Kwa Lubumbashi jambo hili lina uzito wa pekee. Mji huu ulizaliwa kwa kupima mawe. Tanuru la shaba la kampuni ya Union Minière lilimimina shaba yake ya kwanza tarehe 30 Juni 1911, na kuanzia mwaka 1971 hadi 1997 mkoa mzima wa Katanga uliitwa Shaba. Leo Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo huchimba takribani asilimia 70 ya kobalti yote ya dunia, na mwaka 2024 ilitoa zaidi ya tani milioni 3 za shaba. Sehemu kubwa kabisa ya madini hayo hutoka mikoa ya Haut-Katanga na Lualaba. Hakuna tani inayouzwa bila kupimwa. Bei, kodi, mrabaha na mshahara wa mchimbaji vyote hutegemea tarakimu iliyosomwa kwenye kioo cha chombo fulani.

Uzito wa tarakimu hiyo huonekana wazi kwenye madepo ya kununulia mawe, kama yale ya Musompo karibu na Kolwezi. Mnunuzi hushika mkononi kipimo cha eksirei ambacho wachimbaji wadogo wamezoea kukiita metoreksi. Hukielekeza kwenye gunia, asilimia hutokea kwenye kioo, na fedha hufuata asilimia. Malalamiko kwamba asilimia hiyo hushushwa yamesikika kwa miaka mingi. Kijana aliyepita kwenye maabara nzuri anajua kwamba chombo cha aina hiyo husoma uso wa jiwe tu, kwamba udongo wenye maji hupunguza usomaji, na kwamba chombo kisicholinganishwa na sampuli rejea hakina haki ya kuaminiwa. Kijana aliyeliona zoezi hilo kwenye ubao tu, kwa chaki, hana la kumjibu mnunuzi.

Chuo Kikuu cha Lubumbashi kilianza mwaka 1956, wakati mji ukiitwa Elisabethville, kikiwa chuo rasmi cha koloni la Kongo ya Ubelgiji na Ruanda-Urundi. Mwaka 1971 kiliunganishwa na vyuo vya Kinshasa na Kisangani kuwa Chuo Kikuu cha Taifa cha Zaire, na mwaka 1981 kilirudi kuwa chuo kinachojitegemea. Jiolojia, kemia, metalojia na uhandisi wa migodi vilipata makao ya kawaida hapa, kwa kuwa mgodi ulikuwa mlangoni. Enzi hizo uhusiano na kampuni ya madini ya Union Minière, iliyotaifishwa mwanzoni mwa mwaka 1967 na baadaye kuitwa Gécamines, ulikuwa sehemu ya maisha ya masomo, na ushirikiano na Ubelgiji ulileta walimu pamoja na vyombo.

Nguzo zote mbili zilianguka karibu wakati mmoja. Mei 1990, baada ya wanafunzi kushambuliwa na kuuawa kwenye kampasi usiku wa tarehe 11 kuamkia 12, ushirikiano wa kimaendeleo kati ya Ubelgiji na Zaire ulikatika. Septemba mwaka huohuo mgodi wa Gécamines wa Kamoto uliporomoka. Kampuni hiyo, iliyokuwa ikitoa zaidi ya tani 470,000 za shaba kwa mwaka katikati ya miaka ya 1980, ilifika karibu tani 30,000 mwaka 1994. Mishahara ya umma iliyeyuka kwa mfumuko wa bei, na chuo kikabaki kikiendeshwa zaidi na minervali, yaani ada zinazolipwa na familia za wanafunzi. Ada kama hiyo huweza kumlipa mlinzi na kununua chaki. Haiwezi kununua spektrofotomita. Ushirikiano na vyuo vya Ubelgiji ulirudi baadaye na umezaa kazi nzuri, lakini mwanya wa miaka ile hauzibwi kwa mara moja: chombo ambacho kingebadilishwa mwaka 1993 kilipitisha kizazi kizima cha wahandisi kabla mtu hajapata nafasi ya kukifikiria.

Uzee wa chombo una sura kadhaa, na kuzichanganya huleta manunuzi mabaya. Kuna chombo kilichochoka mwilini: nyuzi zimelika, lenzi zimechubuka. Kuna kilicho kizima lakini kimeachwa na vipuri, kwa kuwa kiwanda kimeacha kukitengeneza. Viwanda vingi huahidi vipuri kwa miaka saba hadi kumi tu baada ya kusimamisha uzalishaji. Kuna kilichoachwa na kompyuta yake. Vyombo vingi vya kisasa huongozwa na programu iliyoandikwa kwa mfumo mmoja wa uendeshaji, na Microsoft ilipoacha kuuhudumia mfumo wa Windows XP tarehe 8 Aprili 2014, mashine za gharama kubwa duniani kote zilijikuta zimefungwa kwenye kompyuta isiyoweza kubadilishwa. Na kuna chombo kilichoachwa na kazi yenyewe: kinapima vizuri, lakini mgodini hakuna tena anayepima kwa njia hiyo.

Sura ya nne ndiyo husemwa zaidi na ndiyo yenye hatari ndogo. Ya kwanza husemwa kidogo, ilhali ndiyo inayoharibu elimu, kwa sababu vyombo vingi havifi ghafla. Vinaanza kudanganya polepole.

Kipima-pH ni mfano mzuri. Arnold Beckman alikitengeneza cha kwanza cha kisasa mwaka 1934 huko California, ili kupima ukali wa maji ya malimau, na kanuni yake haijabadilika: tufe dogo la kioo chembamba sana huhisi asidi na kutoa volti ndogo. Tufe hilo lina umri. Hata likitunzwa kwenye maji ya chumvi ya potasiamu, kwa kawaida hudumu mwaka mmoja hadi mitatu. Likiachwa likauke wakati wa likizo, hufa mapema. Sanduku lenye vitufe na kioo cha namba linaweza kudumu miaka ishirini, na mtu anayeingia maabara humwona mzee huyo akiwaka taa na kudhani yu mzima. Elektrodi iliyochoka husoma 6.4 mahali pa 5.9, na wanafunzi arobaini wanaandika 6.4 kwenye ripoti zao. Hapo hakihitajiki kipima-pH kipya. Inahitajika elektrodi mpya, chupa za vimiminika rejea vya pH 4, 7 na 10, na mtu wa kuvitumia kila asubuhi kabla ya TP, kama wanafunzi wa Lubumbashi wanavyoyaita mazoezi ya maabara.

Kipimajoto nacho kina somo lake la mahali. Lubumbashi iko kwenye kimo cha takribani mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, na kwa kimo hicho maji huchemka karibu na nyuzi 96, siyo 100. Kitabu kilichoandikwa Ulaya kinasema 100. Mwanafunzi akisoma 96 na kipimajoto kikiwa kizima, amegundua mlima alioukalia bila kuuona. Akisoma 100, kipimajoto ndicho chenye kasoro. Lakini ikiwa vipimajoto vya darasa zima vimezeeka na kila kimoja kinasema lake, somo hilo zuri linapotea, na mwalimu hulazimika kusema tu “andikeni kilichomo kitabuni”. Maneno hayo yakizoeleka maabarani, sayansi imeshatoka nje kwa mlango wa nyuma.

Mizani ni habari nyingine. Mizani nyeti ya kemia husoma hadi sehemu moja ya elfu kumi ya gramu. Za kale za kimakanika, zenye makali ya jiwe la akiki, hazihitaji umeme, na zikiwekwa kwenye meza nzito isiyotikisika huweza kufanya kazi miaka hamsini. Za kielektroniki ni nyepesi kutumia, lakini huchukizwa na volti inayopanda na kushuka. Si busara kuzitupa za kale kwa sababu ni za kale. Mwanafunzi anayepanga mawe ya mizani mojamoja huelewa maana ya uzito kwa namna ambayo kitufe hakimfundishi. Mwache apime kwanza hapo, halafu aende kwenye ile ya umeme.

Hivyo ndivyo ilivyo kwa hadubini za jiolojia. Hadubini ya mwanga uliochujwa, inayotazama kipande cha mwamba kilichosagwa hadi unene wa milimita 0.03, ni shaba, chuma na vioo tu. Ikisafishwa na kurekebishwa na fundi anayeijua, ya miaka ya 1960 huweza kumshinda mwenzake mpya wa bei rahisi. Adui zake Katanga ni wawili, na wanapokezana zamu: vumbi jekundu la kiangazi kuanzia Mei hadi Septemba, na unyevu wa masika ambao huotesha kuvu ndani ya lenzi. Kuvu akishachora utando wake kwenye kioo, hafutiki. Kabati lenye taa ndogo inayowaka ndani usiku kucha, au chembechembe za silika za kunyonya unyevu, ni kinga ya bei ndogo sana ukilinganisha na lenzi inayoiokoa.

Kwenye spektrofotomita ya ufyonzaji wa atomi mambo hubadilika. Chombo hiki, kilichoasisiwa na Alan Walsh wa Australia katika miaka ya 1950, ndicho kilichokuwa farasi wa kazi wa maabara za migodi kwa miongo mingi. Sampuli iliyoyeyushwa kwa asidi hupulizwa ndani ya moto wa asetilini, na taa maalumu hupitisha mwanga humo. Shaba hufyonza mwanga wa nanomita 324.8, kobalti wa nanomita 240.7. Kila metali hudai taa yake. Taa hizo huisha hata zikikaa kabatini, na maabara yenye mashine nzuri isiyo na taa ya kobalti, katika nchi ya kobalti, ni jambo la kusikitisha. Asetilini ya wachomeleaji inapatikana mjini kirahisi, lakini usafi wake si ule unaohitajiwa, na asetoni inayotoka kwenye mtungi unaokaribia kuisha huharibu mipira na usomaji. Mashine ya namna hii, ikinunuliwa bila bajeti ya taa, gesi na vimiminika rejea, huwa samani.

Juu ya yote hayo upo umeme. Sehemu kubwa ya umeme wa Katanga husafiri kutoka bwawa la Inga kwa njia ya kilomita takribani 1,700, iliyokamilika mwanzoni mwa miaka ya 1980 kwa ajili ya migodi hasa. Delestaji, yaani kukatwa umeme kwa zamu, ni sehemu ya maisha ya mtaa wowote wa Lubumbashi. Kinachoua vyombo si giza. Ni sekunde zile umeme unaporudi, volti ikiruka juu kabla ya kutulia. Stabilizeta na betri za akiba si anasa ya kuongezwa fedha zikibaki. Ni sehemu ya chombo chenyewe, na mkataba wowote wa ununuzi usiozitaja haujakamilika.

Kazi ya kubadilisha huanza, kwa hiyo, na daftari, wala si na katalogi ya muuzaji. Kila chombo huandikwa: kilifika lini, kinatumika kwenye TP gani, mara ya mwisho kililinganishwa lini na kipimo rejea, kipuri gani kinakosekana, na nani anajua kukifungua. Daftari hilo likiandikwa kwa ukweli, mengi hujitokeza yenyewe. Hugundulika kwamba kabati la kufyonza mvuke halivuti, na kwamba wanafunzi wamekuwa wakipasha asidi ya nitriki huku madirisha yakiwa wazi. Hilo hutangulia kila kitu, kwa kuwa mapafu ya vijana hayana kipuri. Hugundulika pia mara nyingi kwamba mtambo wa kutonesha maji umejaa ukoko. Ardhi ya Katanga ina miamba mingi ya dolomia na chokaa, na maji yake huacha magamba meupe kwenye birika la nyumbani kama yanavyoacha kwenye mtambo huo. Maji yasipokuwa safi, hata chombo kipya kabisa kitapima kalisi ya bomba.

Baada ya usalama na maji, swali ni idadi. Vyuo hupenda mashine moja kubwa, kwa sababu hiyo ndiyo hupigwa picha na waziri. Kwa kufundishia, spektrofotomita kumi za kawaida zina thamani kuliko moja ya hali ya juu inayotazamwa na wanafunzi themanini kutoka nyuma ya mgongo wa asistenti. Mfumo wa masomo wa LMD, ulioanza kutumika nchini kuanzia mwaka wa masomo 2021–2022, unahesabu mazoezi ya vitendo kama sehemu ya krediti za mwanafunzi. Krediti ya kutazama haipo. Kwa hesabu hiyo, kila chombo kinachopendekezwa kinapaswa kupimwa kwa swali moja: katika kipindi kimoja cha TP, wanafunzi wangapi watakigusa kwa mikono yao?

Safari ya chombo hadi Lubumbashi ni ndefu, na gharama yake lazima iandikwe mapema. Kontena likishushwa Dar es Salaam husafiri karibu kilomita 2,000 kupitia Tunduma na Zambia hadi mpaka wa Kasumbalesa. Likishushwa Durban njia huwa ndefu zaidi. Foleni ya malori Kasumbalesa inajulikana na kila dereva wa Afrika ya Kati. Msamaha wa ushuru kwa vifaa vya elimu huombwa kabla mzigo haujaondoka, la sivyo kreti hukaa juani huku ada ya maegesho ikipanda. Kemikali na vimiminika rejea vyenye tarehe ya mwisho visiagizwe pamoja na chuma, vitaharibika njiani. Mashine iliyotengenezwa kwa soko la Marekani hutaka volti 120, ilhali soketi ya Lubumbashi ina 220, na mwongozo wa Kiingereza pekee humfunga mikono fundi aliyesoma kwa Kifaransa. Haya ni mambo madogo. Ndiyo pia yanayoacha mashine ndani ya kreti zake miaka miwili.

Misaada ya vyombo vilivyotumika hudai ukali uleule. Uchunguzi wa Lora Perry na Robert Malkin, uliochapishwa mwaka 2011, ulipitia zaidi ya vifaa 112,000 vya hospitali katika nchi zenye kipato kidogo na kukuta asilimia 38.3 havifanyi kazi, sababu kubwa zikiwa ukosefu wa mafunzo, huduma na miundombinu. Maabara za vyuo hupokea vyombo kwa njia zilezile na kutoka kwa nia njema ileile. Chuo kina haki ya kukataa. Hisani isiyo na vipuri, isiyo na mwongozo na ambayo kiwanda chake hakipo tena, humhamishia mpokeaji gharama ya kuitupa. Vyuo vinavyojiheshimu huomba kwanza picha ya chombo kikiwa kimewashwa, orodha ya vipuri vilivyopo, na siku kadhaa za mtaalamu wa upande wa mtoaji kukaa na fundi wa upande wa mpokeaji.

Fundi huyo ndiye moyo wa suala lote, na ndiye asiyetajwa kwenye hotuba. Profesa huja na kuondoka. Asistenti huhama akipata kazi mgodini. Fundi wa labo ndiye anayejua kwamba mashine ya tatu kutoka dirishani haitaki kuwashwa kabla ya saa tatu asubuhi. Kampuni za migodi na za ukaguzi wa madini, zilizojaa mjini, huwachukua mafundi wazuri kwa mshahara ambao chuo hakiwezi kushindana nao. Mafunzo ya fundi mmoja kwa kila idara, pamoja na nyongeza ya kumfanya abaki, hurefusha maisha ya vyombo kuliko ununuzi wowote. Fedha za mradi zikitengwa kwa chuma peke yake, chuma hicho kitazeeka kwa kasi ya kile kilichotangulia.

Kuna njia nyingine inayostahili kutazamwa, ambayo mfano wake uko karibu. Nchini Tanzania, Taasisi ya Afya Ifakara na mafundi wa Dar es Salaam wameshirikiana na vyuo vya Uingereza katika OpenFlexure, hadubini inayochapishwa kwa plastiki kwa printa ya pande tatu, na ambayo michoro yake iko wazi kwa kila mtu. Kikivunjika kipande, huchapishwa kingine papo hapo. Hakuna kuandikia kiwanda barua. Kwa biolojia na afya ya mifugo, na Lubumbashi ina kitivo kikongwe cha tiba ya mifugo, chombo cha namna hii kingeongeza viti vya TP kwa gharama ndogo. Hakiwezi kuchukua nafasi ya spektrofotomita wala ya hadubini ya madini. Lakini mwanafunzi aliyekiunda kwa mikono yake hatakiogopa tena chombo kilichofungwa kwenye sanduku.

Vya zamani navyo vina adabu ya kutolewa. Chombo kipya kikifika, cha zamani huwekwa kando yake kwa muhula mmoja, na sampuli zilezile hupimwa kwa vyote viwili, ili ijulikane tofauti ilikuwa kiasi gani na ripoti za nyuma zisomweje. Kisha hupimwa hatari yake. Vipimajoto na barometa za zebaki haziendi jalalani. Mkataba wa Minamata, ulioanza kutumika mwaka 2017, uliweka mwaka 2020 kuwa mwisho wa kutengeneza nyingi kati ya hizo na kuziuza nje au kuziagiza. Vipimo vya kale vya eksirei na vya gesi huweza kuwa na chembe zenye mnururisho ndani yake, na makabati ya jiolojia ya Katanga yana sababu ya pekee ya kukaguliwa: urani ya Shinkolobwe, mgodi uliogunduliwa mwaka 1915, imetoa vielelezo vya kupendeza vya kijani na manjano vinavyotamaniwa na makusanyo ya dunia nzima. Mawe hayo hayafai kukaa karibu na meza ya mwanafunzi. Nchi ina kamati ya taifa ya kinga dhidi ya mnururisho, CNPRI, na kazi ya namna hii ni yake. Kinshasa inatoa onyo lililo wazi: kinu cha nyuklia cha TRICO, cha kwanza barani Afrika, kilianza mwaka 1959 kwenye chuo cha Lovanium, na mrithi wake, TRICO II wa mwaka 1972, amesimama tangu 2004, lakini ulinzi wake haujasimama wala hauwezi kusimama.

Hakuna ushahidi mkubwa wa haja ya kubadilisha kuliko miili ya wakazi wenyewe. Mwaka 2009 watafiti wa Lubumbashi wakiongozwa na Célestin Banza Lubaba Nkulu, pamoja na wenzao wa Ubelgiji, walichapisha matokeo ya mkojo wa watu 351 wa Katanga. Kobalti iliyoonekana kwa walioishi karibu na migodi na viwanda ilikuwa ya juu kuliko yote iliyowahi kuripotiwa kwa watu wa kawaida popote. Sampuli zilichukuliwa Katanga. Metali zilipimwa Ubelgiji. Ushirikiano huo ni wa heshima, na mwingine kama huo uendelee. Lakini mji wenye vumbi la namna hiyo unahitaji vijana wanaoweza kupima maji ya kisima cha mtaa wa Katuba au udongo wa Ruashi wiki hii na kutoa jibu wiki ijayo. Vijana hao hufundishwa mwaka wa kwanza na wa pili, kwenye bureti, mizani na kipima-pH.

Fedha si ndoto. Tanzania ilikopa dola milioni 425 kutoka Benki ya Dunia mwaka 2021 kwa mradi wa elimu ya juu, maabara zikiwamo. Kongo ina chanzo chake chenyewe. Sheria ya madini iliyorekebishwa mwaka 2018 iliweka mrabaha wa asilimia 3.5 kwa shaba na asilimia 10 kwa madini ya kimkakati, na kobalti iliingizwa kwenye kundi hilo mwishoni mwa mwaka huohuo. Mrabaha hugawanywa: nusu kwa serikali kuu, asilimia 25 kwa mkoa, asilimia 15 kwa jumuiya za mahali madini yanapochimbwa, na asilimia 10 kwa mfuko wa vizazi vijavyo. Kizazi kijacho tayari kimekaa kwenye viti vya Kasapa, kampasi ya chuo. Mwaka 2022 kilizinduliwa pia, kwenye Chuo Kikuu cha Lubumbashi, kituo cha Afrika cha utafiti wa betri kwa ushirikiano na vyuo vya Zambia. Kituo hicho kitahitaji watu wanaojua kupima kabla ya kuhitaji majengo.

Serikali ya mkoa wa Haut-Katanga na wasimamizi wa mfuko wa vizazi vijavyo waandike mstari mmoja wa kudumu kwenye bajeti, wa kila mwaka, kwa jina la maabara za kufundishia: vipuri, vimiminika rejea, stabilizeta na mshahara wa mafundi. Chuo nacho kiwapelekee daftari lake lililoandikwa kwa ukweli, chombo kwa chombo.